Nerea, "yangu", na maneno yanayoingia bila hodi

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi na kakangu hupanda gari moja kutoka Rongai kuja mjini kila asubuhi. Juzi waliweka ule wimbo wa Sauti Sol, "Nerea". Walipofika pale pa "usitoe mimba yangu" nikamwambia kakangu: sikia huyu, mimba ishakuwa yake! Akanijibu kwamba namwekea mwimbaji maneno mdomoni, kwamba jamaa anambembeleza tu msichana na anakubali mtoto. Tulibishana hadi Railways. Tuamue: wimbo unaweza kusema jambo ambalo haukulitamka? Na tutajuaje kama jambo hilo limo kwenye maneno, au ni sisi tuliolibeba kutoka nyumbani?

Jibu: Marahaba, dadangu. Nitoe hukumu kwanza, maana najua kuna mtu anasubiri kuchekwa. Kwa neno hilo "yangu", nyote wawili mmesikia kitu ambacho hakimo ndani yake. Kila mmoja kasikia chake, na kila mmoja ana sababu nzuri ya kukisikia. Kwa hiyo hakuna atakayemchekelea mwenzake, samahani.

Ndiyo, wimbo unaweza kusema usichotamka, na hata mazungumzo ya sokoni hufanya hivyo kutwa. Ila kuna namna mbili, na ubishi wenu umetokana na kuzichanganya.

Chukua sentensi hii: "Jirani ameacha kulewa." Sasa ikanushe: "Jirani hajaacha kulewa." Iulize: "Jirani ameacha kulewa?" Umekubali, umekataa, umeuliza, na katika zote tatu jirani alikuwa mlevi. Hakuna aliyesema hivyo. Ulevi ulikuwa umeshakaa kitini kabla sentensi haijaanza. Wanaisimu huita jambo la aina hii dhana tangulizi. Mjerumani Gottlob Frege aliligusa mwaka 1892 kwa mfano wa sentensi isemayo Kepler, yule mnajimu, alifariki katika dhiki: ukisema hakufariki katika dhiki, bado umekubali kwamba Kepler aliwahi kuishi.

Namna ya pili ni dokezo. Unamuuliza shangazi, "Chakula cha harusi kilikuwaje?" Anakujibu, "Chai ilikuwa moto." Umeelewa. Lakini shangazi hajasema chakula kilikuwa kibaya, na akibanwa atageuka: "Chai ilikuwa moto, na pilau ilikuwa tamu vilevile, nilikuwa sijamaliza." Mwanafalsafa Mwingereza H. P. Grice alieleza utaratibu huu katika makala yake ya mwaka 1975. Tunapozungumza, kila mtu hutarajia mwenzake aseme ya kutosha, ya kweli, yanayohusika, tena kwa uwazi. Mtu akipunja mahali tunaanza kutafuta kwa nini kapunja, na tunachokipata katika kutafuta huko ndicho dokezo.

Darasani huwa nasema hivi: dokezo hupiga hodi, na unaweza kulikatalia mlangoni. Dhana tangulizi huingia bila hodi. Ukiigundua, tayari iko jikoni inafunua sufuria.

(Watu wa Mwambao watanicheka kwa kwenda hadi Ujerumani kutafuta haya. Kwao bibi anavaa kanga yenye jina analolitaka, anapita mbele ya mlango wa mke mwenzake, hajafungua kinywa, na mtaa mzima umeelewa. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.)

Sasa tuje kwa Nerea. Wimbo ulitoka mwaka 2015, Sauti Sol wakiwashirikisha Amos na Josh. Chukua ile sentensi uifanyie jaribio la jirani mlevi. "Usitoe mimba yangu." Igeuze: "Toa mimba yangu." Iulize: "Utatoa mimba yangu?" Kinachobaki bila kutikisika ni kwamba ipo mimba, na mimba hiyo ina uhusiano fulani na anayeimba. Basi. Hapo ndipo mwisho wa kilichoingia bila hodi.

Nasema "uhusiano fulani" kwa makusudi. Katika Kiswahili -angu haidai umiliki peke yake. Unasema "basi langu limeniacha", na basi si lako, hata kiti ulichokosa si chako. Unasema "mwalimu wangu", "daktari wangu", "kijiji changu". Neno hilo hufunga kamba kati ya vitu viwili, halafu linamwachia msikilizaji aamue ni kamba ya nini. Na kwenye mimba tuna matumizi yaliyozoeleka kabisa: tunaposema msichana ana mimba ya fulani, tunamtaja aliyeitia, hatumtaji mwenye hati ya kuimiliki. Kwa hiyo uliposikia "mimba ishakuwa yake", neno lilikupa kamba, nawe ukaitafsiri kuwa ya kumilikiwa.

Lakini kakako asifurahi bado, kwa sababu na yeye kafanya vivyo hivyo upande wa pili. Amesikia jamaa "anakubali mtoto". Kiitikio kinaendelea "mlete, nitamlea", lakini katika neno "yangu" amelitoa wapi? Amelitoa Nairobi. Hapa kwetu kila mtu anajua maana ya mwanamume kuruka mimba. "Alimruka" ni kauli inayotosha kumaliza hadithi nzima ya msichana mtaani. Mbele ya wanaume wengi wanaosema "si yangu", anapotokea mmoja akasema "yangu" bila kuulizwa, masikio ya Nairobi yanasikia ahadi: sitaruka. Hilo ni dokezo zuri, na nadhani watunzi walilitegemea. Ila linaweza kukataliwa mlangoni. Jamaa angeweza kusema "usitoe mimba yangu, ingawa mimi kesho naondoka." Tungemwona mtu wa ajabu, lakini hajajipinga. Lakini hawezi kusema "usitoe mimba yangu, ingawa hakuna mimba." Hiyo imevunjika.

Kwa hiyo wewe ulisikia mwenye mali na kakako akasikia mtu anayejitwika mzigo, na neno lilikuwa moja lenye silabi mbili. Tofauti ilitokana na yale ambayo kila mmoja wenu amewahi kuyaona yakitokea kwa watu.

Kuna jingine ambalo hamkulitaja, na kwangu ndilo zito zaidi. Nani alisema Nerea alikuwa na nia ya kutoa? Sikiliza mstari huo peke yake. Unamkataza tu. Lakini hatukatazi hivihivi. Makanga hamwambii abiria aliyeketi kwa utulivu "usiruke dirishani". Akimwambia, gari zima litageuka kumtazama huyo abiria: kwani alitaka kufanya nini? Katazo hudokeza kwamba jambo lilikuwa njiani. Kwa katazo hilo moja, sisi abiria wa Rongai tumeshamtia Nerea hatiani kabla hajafungua kinywa. Na hafungui. Wanaoimba wote ni wanaume, na Nerea hapewi hata ubeti mmoja. Hatujui kama ana kazi, kama ni mwanafunzi, kama anaogopa nani, kama huyu anayembembeleza alikuwapo jana. Kimya hiki si kosa la kisanaa, maana wimbo ni wa anayeomba. Lakini ukitaka kujua wimbo umebeba nini, usihesabu maneno tu, hesabu na viti vitupu.

Hata mamlaka anayoyategemea mwimbaji yameteuliwa. Kifungu cha 26 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinazungumzia utoaji mimba na kuuruhusu katika hali maalumu tu, kama vile pale maisha au afya ya mama imo hatarini. Mwimbaji hakuitaja sheria, amekwenda kwa Mungu na kwa msemo: Mungu akileta mtoto, huleta sahani yake. Msemo ni silaha kubwa katika mabishano ya Kiswahili kwa sababu hauna mwenyewe. Ukimpinga mwimbaji unabishana na mwimbaji, lakini ukiupinga msemo unabishana na wazee wote waliokufa. Na hiyo "huleta" ina hu- ya mazoea, ile tunayoitumia kwa mambo yasiyobadilika, kama jua kuchomoza. Kwetu tulizaliwa saba, katika nyumba za mtaa wa Jericho, na sahani zilikuwa tano. Sijui zile mbili zilipotelea wapi njiani.

Halafu inakuja orodha ya "huenda akawa". Huenda akawa Obama, huenda akawa Lupita, na wengine wa ngazi hiyo. "Huenda" ni neno la unyenyekevu, halidai kitu. Lakini angalia waliomo kwenye orodha. Hakuna fundi wa viatu, hakuna mama mboga, hakuna makanga, na hao ndio tuliokuja kuwa wengi wetu tulipokua. Mtu anayesema kila mtoto ana thamani angeweza kumtaja yeyote. Anapowataja mashuhuri peke yao anadokeza, labda bila kukusudia, kwamba thamani inatoka kwenye ngazi aliyofika mtu. Hilo nalo ni dokezo tu, na mtunzi akiulizwa atalikana, nami nitamwamini. Bado limo.

Wimbo mwingine wenye dokezo la aina hii, ingawa unachekesha zaidi, ni ule wa Them Mushrooms, "Jambo Bwana", wa mwaka 1982, unaowaambia wageni kwamba Kenya yetu hakuna matata. Nani alisema yapo? Ukimkuta mtu mlangoni anakwambia "humu ndani hakuna nyoka", unatazama sakafuni. Mwaka huohuo, Agosti 1, wanajeshi wa anga walijaribu kuipindua serikali hapa Nairobi. Sidai wimbo ulikuwa unajibu chochote, kwa kuwa ni wimbo wa hotelini wa kumkaribisha mtalii. Nasema tu kwamba kukana jambo ni njia mojawapo ya kulileta mezani.

Umeniuliza pia utajuaje jambo limo kwenye maneno au umelibeba kutoka nyumbani. Nitakupa wimbo ambao mambo yote matatu yamo, lililo kwenye maneno, tulilolibeba na dokezo, tena unaujua kwa moyo: "Malaika". Umiliki wake umegombaniwa miaka mingi na sitaingia huko. Fadhili William ndiye aliyeurekodi ukajulikana, na Miriam Makeba wa Afrika Kusini akaupeleka duniani. Kijana anasema hana mali, "ningekuoa malaika". Hiyo -nge- imebeba mengi. Inatuambia hajamwoa, na ingawa katika mazungumzo -nge- huweza kulegea, hapa imefungwa kabisa na "mali sina". Hilo limo kwenye maneno. Kwamba mali inahitajika ili kuoa, hilo halikutamkwa, na neno mahari halimo. Sisi tunalijaza papo hapo kwa sababu tumekulia kwenye desturi hiyo. Mtu wa mbali asiye na desturi ya mahari atadhani kijana anakosa pesa za ukumbi. Hilo tumelibeba kutoka nyumbani.

La tatu limejificha vizuri zaidi. "Mali sina, ningekuoa" inadokeza kwamba kizuizi ni pesa tu. Yaani pesa zingepatikana leo, harusi kesho. Malaika mwenyewe je? Ametaka? Ameulizwa? Huenda alishasema ndiyo mara kumi, wimbo hausemi. Ni yuleyule Nerea, miaka hamsini na zaidi kabla, amevikwa mabawa.

Na sikiliza anapoimba Makeba. Anaimba "ningekuoa" vilevile. Katika Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na wote wawili huoana. Vitenzi vyetu vimeshaamua nani anatenda na nani anatendwa kabla wapenzi hawajajuana majina. Mwanamke anapoimba "ningekuoa", ama amevaa kofia ya mwanamume kwa muda wa wimbo, ama ameivunja sarufi kwa sauti tamu hata hakuna aliyelalamika. Niliwahi kuuliza swali hili kwa kidato cha tatu. Msichana mmoja akajibu kwamba labda Makeba ndiye alikuwa na mali. Nilimpa alama zote.

Usije ukadhani maana hizi za chini kwa chini huwa za kuficha ubaya tu. Msanii stadi anaweza kuzigeuza zikamtumikia. Eric Wainaina alifanya hivyo mwaka 2001 katika "Nchi ya Kitu Kidogo". Hongo ina majina ya adabu: chai, kitu kidogo. Askari anaposema "lete chai", dokezo lake limeshajulikana hata halipigi hodi tena. Wainaina anajifanya mshamba. Anayetaka chai anaambiwa aende Limuru, na Limuru ni kweli kuna mashamba ya majani chai, ni mwendo mfupi tu kutoka mjini. Kwa kulichukua neno kwa maana yake ya kamusini, amemlazimisha mwombaji ama aondoke, ama aseme wazi "nataka hongo". Kisha akalichukua lile "kidogo", ambalo kazi yake ilikuwa kupunguza ukubwa wa dhambi, akalibandika kwa watu: nchi ya kitu kidogo ni nchi ya watu wadogo. Neno lilikuwa limefungiwa maana, naye akalifungua.

Na Desemba 2002 watu wa mji huu walifanya hivyo bila msanii. Kuna wimbo wa kanisani usemao kwa imani yote yawezekana. Umati ukaimba "yote yawezekana bila Moi". Hapakutajwa kosa hata moja la serikali ya Rais Moi iliyokuwa ikiondoka baada ya miaka ishirini na minne. Lakini kila aliyewahi kuimba wimbo ule kanisani alikuwa na neno "imani" akilini, akasikia limeondolewa na nafasi yake imechukuliwa na "bila". Kama yote yawezekana bila yeye, basi akiwapo ilikuwaje? Jawabu liliachiwa kila mtu ajipatie.

Nimeenda mbali na gari lenu. Kuna jambo moja kuhusu wimbo ambalo halimo katika mazungumzo ya shangazi na pilau. Shangazi akisema, wewe unasikiliza. Kiitikio kikipigwa, wewe unaimba. "Yangu" inahama kutoka kinywa cha mwimbaji ikaingia chako, na katika gari la abiria thelathini kuna "yangu" thelathini, zikiwemo za wasichana waliokuwa wakienda kazini wakimwomba Nerea asitoe mimba yao. Mabishano mtu huyapinga. Kiitikio mtu hukiimba akiwa anatafuta nauli mfukoni. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "ni wimbo tu". Wala sikubaliani na wanaotaka wimbo ufungiwe kwa kila neno lenye kamba, kwa kuwa tungebaki na filimbi.

Basi kabla hujaamua kama utaendelea kuimba kiitikio hicho, mfanyie kakako jaribio moja. Mwambie aimbe "usitoe mimba yetu". Silabi ni zilezile mbili, muziki hauharibiki hata kidogo. Kisha aimbe "usitoe mimba yako". Mwulize ni ipi kati ya hizo tatu inayomkwama kooni, na kwa nini. Fanyeni hivyo jioni mkiwa nyumbani, maana dereva wa Rongai akishaongeza sauti hamtasikiana.